Mlinzi wa Nakala Thelathini

Kwa miaka thelathini na moja alichonga mihuri ya ofisi, na muhuri, kama kila fundi ajuavyo, huchongwa kinyume ili ukigongwa usomeke sawa. Ndiyo maana wakamwita Kinyume. Inasemekana aliizoea kazi hiyo mpaka gazeti akawa analisomea kwenye kioo cha kunyolea, na siku aliyopewa barua ya kustaafu alianza kuisoma kutoka mkono wa kulia, akaingia nyumbani akishangilia kwamba amepandishwa cheo.

Alipostaafu alibaki na vitu vitatu: sanduku la patasi ndogondogo, mashine ya chapa ya mkono yenye uzito wa mafahali wawili, na dharau. Patasi alizinoa kila Jumatatu. Mashine aliipaka mafuta kila Ijumaa. Dharau haikuhitaji matunzo.

Aliwadharau waliochelewa, na waliowahi wakataka kusifiwa kwa kuwahi. Aliwadharau waliouliza swali na kulijibu wenyewe. Lakini kileleni mwa dharau hiyo, mahali ambapo hakuna mwingine aliyewahi kupanda, alikaa mtu mmoja peke yake: shemeji yake, mume wa dada yake mkubwa.

Shemeji alikuwa mlinzi wa mchana kwenye lango la ukumbi wa sanaa. Wa mchana! Mlinzi wa usiku akisinzia, hata giza litamtetea. Shemeji alilala saa nne asubuhi, jua likimpiga usoni, honi zikilia barabarani, kofia ikiwa gotini. Alilala kama gunia la mchanga lililovalishwa sare. Njiwa walikuwa wameshamjua. Mmoja alianza kujenga kiota begani pake, juu kabisa ya nembo ya kampuni, na angetaga kama mvua isingenyesha siku hiyo.

Kabla ya hapo alipangiwa kulinda ghala la vifaa vya ujenzi. Wezi wakafika saa sita mchana na lori. Wakaling'oa lango lenyewe kwenye bawaba, wakalipakia, wakampungia mkono, wakaenda zao. Shemeji alipoamka alijipapasa mfukoni, akaukuta ufunguo wa lango, akafungua daftari la lindo na kuandika kwa mwandiko mzuri: "Saa nane. Ufunguo salama."

Kwa ajili ya ufunguo huo, Bosi mwenye kampuni ya ulinzi alimwita mbele ya walinzi wote. "Sikia," alimwambia. "Ukionekana umelala tena, hata shahidi akiwa kuku, siku hiyohiyo unavua sare na unatoka kwenye nyumba ya kampuni. Wewe, mkeo na mto wako."

Na hapo ndipo shida ya shemeji ilipogeuka kuwa shida ya Kinyume. Kinyume alikuwa na vyumba viwili. Kimoja alilala, kingine aliiweka mashine. Dada na mumewe wakifukuzwa kwenye nyumba ya kampuni, wangekwenda wapi? Kwa ndugu. Ndugu ni nani? Ni yeye. Mashine ingetolewa nje ikapigwe na mvua, na mahali pake pangewekwa kitanda, na juu ya kitanda hicho shemeji angelala usiku na mchana bila hata kusumbuliwa na sare. Kinyume alikuwa amewahi kuusikia mkoromo ule mara moja, kupitia kuta mbili na kabati. Vikombe vilikuwa vinatembea mezani.

Basi mambo yalikuwa hivyo siku Msanii alipobisha hodi akiwa ameshaingia.

Alikuwa kijana wa makamo, amejifunga skafu shingoni kwenye joto la kukaanga mtu, na miwani yenye fremu nene ambayo Kinyume, kwa jicho la fundi, aligundua haina vioo.

"Mzee wangu," alisema Msanii, "nimekuletea roho yangu."

"Iweke mezani," Kinyume akamjibu. "Upande huu. Ule una wino."

Msanii akakunjua karatasi kubwa. Akaeleza kwamba anatengeneza mfululizo wa picha tatu za chapa, kuhusu nguvu, udhaifu, na mtu kuwa yeye. Mbili zilishachapwa na fundi mwingine, mji wa pili, lakini wamegombana kwa kuwa fundi yule alikosa unyenyekevu mbele ya wazo. Hii ya tatu ndiyo kilele. Nakala thelathini tu duniani, kila moja na namba yake na saini yake kwa penseli. Ya thelathini na moja haitazaliwa kamwe.

"Itakuwa kibao kimoja, rangi tatu," alisema. "Unachonga kidogo unachapa njano, unachonga tena unachapa kahawia, unachonga tena unachapa nyeusi. Kibao kinajila chenyewe! Hakuna kurudi nyuma. Unaiona falsafa yake?"

"Naijua," alisema Kinyume. "Sisi tuliiita kubana matumizi ya vibao."

Akavaa miwani yake yenye vioo, akainama juu ya mchoro. Moyo ukamruka kama chura.

Alikuwa ni shemeji. Hakuna ubishi. Alikuwa kwenye kile kiti cha plastiki kilichovunjika mkono mmoja, kichwa kimelalia ngumi, kofia gotini, kirungu kimeanguka chini. Macho yamefumbwa kama mifuko miwili iliyoshonwa. Na begani, juu ya nembo ya kampuni, ilisomeka wazi namba yake ya kazi.

"Nimempata getini pale ukumbini," Msanii alisema, akisugua mikono. "Amelala fofofo! Nikampiga picha na simu, nikachora kutokana nayo. Jina lake ni *Mamlaka Usingizini*. Hapa ndipo nguvu inapovuliwa nguo, mzee."

"Ulimwomba ruhusa?"

"Angekuwa macho ningemwomba. Lakini sasa picha ingetoka wapi?"

"Na mgeni rasmi wa maonyesho ni nani?"

"Mwenye kampuni yenyewe ya ulinzi! Ndiye mfadhili. Fikiria, anasimama mbele ya picha hii, anajiona mwenyewe."

"Atajiona yeye," aliuliza Kinyume, "au atamwona mlinzi wake?"

Msanii akacheka cheko la mtu anayehurumia. "Sanaa ni kioo, mzee."

Kinyume alikuwa ameshughulika na vioo tangu Msanii hajaota meno. Lakini alijua akiikataa kazi, mchoro utapelekwa kwa fundi mwingine, na shemeji atalala ukutani vilevile. Akasema atachonga.

Jioni ile dada yake alikuja kumletea uji, kama alivyofanya kila akimwona amekonda. Aliweka bakuli mezani, akauona mchoro, akakaa chini bila kutafuta kiti. Kwa bahati kiti kilikuwepo.

"Huyu si baba watoto?"

"Ndiye."

"Nani kamchora amelala?"

"Kalala mwenyewe, dada. Wenzake wamemchora tu."

"Usiniletee mdomo wako!" Dada alikuwa amemzidi miaka minne na alikuwa hajawahi kumsamehe kwa kuzaliwa. "Hii inakwenda wapi?"

Kinyume akamweleza: ukumbini, ukutani, mbele ya Bosi, wiki tano zijazo. Dada hakulia. Alianza kuvitazama vyumba vile viwili taratibu, kona kwa kona, kama mtu anayepima pazia.

"Kitanda chetu," alisema, "kinaweza kuingia hapa ukiitoa hiyo mashine."

"Dada, tafadhali."

"Na kabati lile tunaliweka mlangoni. Utapita ubavu."

"Dada nimesikia."

"Sijasema neno," alisema dada, akasimama. "Kula uji wako. Mchoro ukiwa mkononi mwa mdogo wangu, mimi nina wasiwasi gani?"

Siku ya tatu Msanii alirudi. Kinyume akajaribu kwa ustaarabu, jambo ambalo lilimchosha kuliko kuchonga. "Bwana Msanii, hii namba begani tuiondoe. Inajaza picha."

"Hapana! Bila namba ni mzee yeyote aliyechoka. Kwa namba ni binadamu aliyemezwa."

"Ana mke, huyu binadamu. Ana kazi. Akionekana hivi atafukuzwa."

Msanii akautazama tena mchoro, na kwa muda wa kupepesa jicho Kinyume alidhani amegusa mtu. Kisha Msanii akasema polepole, kwa furaha, "Kwa hiyo picha yangu inaweza kubadilisha maisha ya mtu halisi." Akatoa kijitabu mfukoni, akaliandika hilo.

Kuanzia dakika ile Kinyume hakumdharau tena kama alivyowadharau watu kwa ujumla. Katika dharau hiyo alimtengea chumba chake peke yake.

Kisha Msanii akafanya kosa. Alikuwa anasafiri usiku uleule kwenda ng'ambo kuzungumza kuhusu udhaifu kwenye hoteli kadhaa, na angerudi siku yenyewe ya ufunguzi. Nani angesaini nakala? Akaagiza karatasi zote thelathini ziletwe, zikiwa nyeupe kabisa, akatoa penseli, akaanza. Moja ya thelathini, *Mamlaka Usingizini*, saini. Mbili ya thelathini, *Mamlaka Usingizini*, saini.

"Ngoja kwanza," alisema Kinyume, na safari hii hakuwa anatania. "Kazi yetu ina utaratibu. Picha kwanza, jicho pili, saini mwisho. Saini ni kiapo kwamba umeitazama ukaikubali. Hata mhasibu mlevi hagongi muhuri kwenye karatasi tupu."

"Mzee," alisema Msanii bila kuinua kichwa, "wewe una mikono. Mimi nina wazo. Wazo likishasainiwa, mikono inafuata."

Akamaliza ya thelathini, akapuliza vumbi la penseli, akaacha na maagizo: zikikauka, mtengeneza fremu atakuja kuzichukua, zitakwenda ukumbini moja kwa moja. Akaondoka na skafu yake.

Kinyume alikaa na karatasi thelathini nyeupe zilizoapiwa. Alizitazama muda mrefu. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu astaafu, akacheka peke yake, cheko la chini kama la chungu kinachotokota.

Mwanzoni alifikiria kumwongezea shemeji masharubu. Lakini shemeji mwenye masharubu bado angekuwa shemeji aliyelala. Akafikiria kubadilisha namba, lakini mkono wake ulikuwa haujawahi kuchonga namba ya uongo, na tena Bosi angekijua kile kiti hata gizani. Kosa halikuwa uso wala namba wala kiti. Kosa lilikuwa kope. Yule mtu inabidi aamke.

Na kama ni kuamka, ilipasa aamke mapema. Weupe wa jicho hauna wino wake. Ni karatasi yenyewe, iliyoachwa bila kuguswa. Sehemu hiyo huchongwa kabla ya rangi ya kwanza. Njano ikishapita juu ya macho ya shemeji, amelala milele, maji yamemwagika. Na karatasi za kuharibu hazikuwepo: fundi yeyote mwenye akili huongeza tano au sita za kukosea, lakini Msanii alisaini thelathini kamili. Kukosea moja tu, Msanii angeitwa kusaini nyingine, na siri ya zote ingetoboka.

Kinyume akaenda getini kuyaangalia macho ya shemeji, kwa maana alipojiuliza yanafananaje aligundua kwamba katika miaka ishirini na mbili ya ushemeji hakumbuki kuyaona.

"Shemeji," aliita. Kimya. "Shemeji!" Njiwa akaruka. Kinyume akamminya pua.

Macho yakafunguka. Yalikuwa makubwa, rangi ya chai ya rangi iliyozidi maji, mapole kama ya ng'ombe aliyesamehewa.

"Umeniletea chakula?"

"Nimekuja kukutazama."

"Mimi?" Shemeji akageuka nyuma kuangalia kama kuna mwingine.

Kinyume akavuta tofali, akakaa. "Hebu niambie ukweli, mume wa dada. Kwa nini unalala hivi? Umerogwa au umeajiriwa kwa kazi hiyo?"

Shemeji alijikuna chini ya kofia, akafikiri. "Nikiwa macho hakuna anayeniona, shemeji. Wanapita tu. Wanaongea siri zao mbele yangu kama mbele ya nguzo. Juzi bwana mmoja alinitundikia mwavuli mkononi, akaingia ndani, akatoka akauchukua, hata asante hakuna. Lakini nikilala! Wanasimama. Wanacheka, wanaitana, wanapiga picha. Basi nalala. Angalau nakuwepo."

Dharau ya Kinyume ikapungua kwa unene wa karatasi moja. Akiwa njiani kurudi alikumbuka mkoromo, ikajaa tena.

Nyumbani alijaribu kuyachora yale macho mapole juu ya uso ule uliolalia ngumi. Haikufaa. Ilikuwa ni picha ya mtu aliyekurupushwa sekunde ileile, na mtu aliyekurupushwa alikuwa amelala. Bosi angesoma mara moja. Yalihitajika macho ambayo hayajawahi kufumba tangu yazaliwe, macho yanayokuona unakuja, unapita, unakwenda, na hayajavutiwa hata kidogo.

Akainua kichwa. Mbele yake kulikuwa na kile kioo cha kunyolea.

Kazi ikawa nyepesi. Kibao huchongwa kinyume, na kioo nacho humwonyesha mtu kinyume, kwa hiyo alichonga vilevile alivyoona, bila hata kugeuza. Alimfikiria Msanii akipuliza vumbi la penseli, akajitazama, na macho yakatoka yenyewe: kope nzito zilizoinuka nusu tu, si kwa usingizi bali kwa kukataa kujisumbua, mboni zimetulia, kona moja imeinuka kama nyusi ya mkaguzi aliyeshakuta makosa na anasubiri uongo. Akachonga weupe. Akachapa njano, thelathini. Zikakauka. Akachonga tena, akachapa kahawia, thelathini, akibana pumzi kila alipoteremsha karatasi kwenye alama zake, rangi zisipishane. Zikakauka. Akachonga mara ya mwisho, akatembeza rola ya wino mweusi, akavuta mkono wa mashine.

Aliponyanyua karatasi ya kwanza alirudi nyuma hatua moja. Aliyekuwa kwenye kiti kibovu cha plastiki hakuwa amelala, wala hakuwa dhaifu. Alikuwa amejiegemeza tu kwenye ngumi yake, akiudharau ulimwengu.

"Pole," Kinyume aliiambia picha. "Najua unavyojisikia."

Hakukosea hata moja.

Siku ya ufunguzi ukumbi ulijaa watu waliobeba glasi kwa shina kama wanaoshika kifaranga. Kinyume alikuja amevaa koti lake la kustaafia, akasimama pembeni penye nguzo. Mabango ya ukutani yalitumia maneno marefu kwa mambo mafupi. Palikuwa na picha ya taji juu ya kiti kitupu, na ya ngumi yenye bandeji, na mbele ya kila moja mtu alikuwa akitikisa kichwa kama anayesikiliza wasifu wa marehemu. Ya tatu ilifunikwa kitambaa, ikimsubiri mgeni rasmi.

Msanii aliingia moja kwa moja kutoka uwanja wa ndege, skafu imekunjamana, akapokewa kwa makofi. Hakupata hata nafasi ya kuchungulia chini ya kitambaa. Akatoa hotuba. Alisema amekesha na kibao hiki. Alisema patasi ilimkata mikono. Kinyume alivitazama vidole vyake mwenyewe, ambavyo plasta zake zilikuwa mbili, akainywa juisi yake.

Bosi, mtu mnene mwenye suti ya kubana, akavuta kitambaa.

Watu waliokuwa mbele walijivuta nyuma kidogo, kama waliofungua mlango wakamkuta mwenye nyumba. Kila mmoja aliona anatazamwa yeye. Mama mmoja akaficha glasi yake. Msanii akafungua mdomo, ukabaki hivyo, rangi ikimtoka usoni mpaka akafanana na karatasi zake siku aliyozisaini.

Alimtafuta Kinyume kwa macho, akamwona, akamfuata kwenye nguzo.

"Umeniua," alinong'ona. "Hiyo si picha yangu."

"Saini ni ya nani?"

"Nitawaambia wote! Nitawaambia fundi ameiharibu!"

"Waambie," alisema Kinyume kwa upole wa sumu. "Anza na patasi iliyokukata mikono. Ukimaliza, waeleze ulisaini lini."

Wakati huohuo sauti nene ikasikika.

"Huyu ni mtu wangu!" Bosi alikuwa ameinama kwenye picha, pua karibu iguse kioo cha fremu. "Namba ninaijua. Hiki kiti nakijua. Yule wa ufunguo!" Akasoma chini, kwenye penseli. Akasoma tena. Kisha akageuka, na uso wake haukuwa wa mtu wa sherehe. "Msanii. Umeandika *usingizini*. Ulimkuta amelala?"

Kinyume alihisi mashine yake ikitolewa nje, gurudumu kwa gurudumu, na mvua ikianza kunyesha. Neno moja tu kutoka kwa yule mwenye skafu lingetosha: ndiyo. Naye Msanii alikuwa na sababu zote za kulisema, maana ndiyo ilikuwa kweli, na ingemlipa kisasi.

Lakini ndiyo ingezaa swali la pili: mbona hapa yuko macho? Na swali la pili lingezaa la tatu, na la tatu lingefika kwenye karatasi nyeupe. Msanii aliuona ukoo wote huo wa maswali ukija. Akashika skafu, akavuta pumzi.

"Mheshimiwa," alisema, "mlinzi huyu hajalala. Tunaolala ni sisi tunaomtazama."

Kisha mtu akasema "Aaah," na mwingine akasema "Aaah" kubwa zaidi asionekane amechelewa kuelewa, na makofi yakapasuka. Mama wa glasi alifuta machozi. Bosi akavimba mpaka kifungo cha suti kikalia.

"Nilijua!" alisema. "Walinzi wangu hawalali! Mleteni hapa. Mleteni sasa hivi nimpe mkono!"

Kinyume alitoka ukumbini kwa mwendo ambao magoti yake hayakuwa yameutumia tangu ujana. Getini, shemeji alikuwa amelala chali, mdomo wazi, kofia imemfunika jicho moja, na tai ya mgeni fulani imetundikwa kwenye kirungu chake.

Kinyume akamminya pua kwa mikono miwili. "Amka we! Unaitwa ndani ukapongezwe kwa kutolala!"

"Nani?"

"Wewe!"

"Nimefanya nini?"

"Hujafanya kitu. Endelea hivyohivyo. Ukiulizwa lolote, nyamaza."

Akamfuta mate kwa leso, akamnyoosha kola, akamsukuma ndani. Watu wakamfungulia njia shemeji kama bibi harusi. Wakamshika mkono. Wakamwambia asante. Yeye alipita katikati yao akitabasamu kwa woga, mpaka akafika mbele ya picha, akasimama. Akatazama kiti. Akatazama kofia. Akafika kwenye macho, akakaa hapo muda mrefu.

"Unajionaje?" Bosi akamuuliza.

Shemeji alikuwa mtu mkweli pale alipokuwa macho. "Huyu si mimi, Bosi," alisema. "Nguo ni zangu. Lakini macho ni ya shemeji yangu, yule pale kwenye nguzo. Hivi ndivyo anavyonitazama nikienda kwake kula."

Kinyume akafumba macho. Msanii akaegemea ukuta. Halafu ukumbi ukalipuka kwa kicheko na makofi mapya. Mwenye ukumbi, mwanamke mwenye hereni kubwa kama sahani, alisema kwa kutetemeka kwamba hajawahi kusikia mtu wa kawaida akieleza kwa usahihi hivyo jinsi tunavyojiona kwa macho ya wenzetu. Mtu akaandika.

Bosi akanunua nakala namba moja papo hapo. Kisha akatangaza kwamba, kwa heshima ya kampuni, kwa muda wote wa maonyesho mlinzi huyu hatakaa getini. Atasimama hapa ndani, kando ya picha, ili watu wafananishe.

"Nitasimama?" aliuliza shemeji. "Mpaka lini?"

"Wiki tatu!"

"Bila kiti?"

Dada alifika kwa Kinyume kesho yake na bakuli la uji lililojaa hadi ukingoni. Hakusema asante, maana hakuwa na desturi hiyo kwa wadogo zake. Alisema tu, "Kile chumba cha mashine ni kidogo mno, hata hivyo." Kinyume akaelewa, akala. Lakini ujumbe wa mumewe aliufikisha vilevile ulivyotumwa: "Mwambie shemeji, miguu imenivimba. Mwambie angeniacha nifukuzwe."

Siku ya nne Kinyume alikwenda ukumbini kuona. Watu walikuwa wamepanga mstari. Shemeji alisimama wima kando ya fremu, kofia kichwani, kirungu ubavuni, macho wazi kabisa, yametulia, hayapepesi. Kope nzito zimeinuka nusu. Alivyofanana na picha ilikuwa ni ajabu.

"Anakutazama mpaka ndani ya maini," alinong'ona bwana mmoja.

"Hajali kabisa," alisema mkewe, ameshika kifua. "Ona dharau hiyo. Ni kama hatupo."

Kinyume alisogea karibu. Kuna kitu hakikumkaa sawa. Akapitisha mkono mbele ya uso wa shemeji, mara moja, kama anayefukuza inzi. Mboni hazikufuata. Akaupitisha tena. Halafu akasikia, kutoka mbali kidogo, nyuma ya vile vifungo vya sare, mngurumo mwembamba ukianza kupanda kama lori linalotafuta gia.

Shemeji alikuwa amelala fofofo, amesimama, macho wazi.

Bosi alikuwa hatua kumi, akiwatembeza wageni wake. Mngurumo ukapanda. Kioo cha fremu kikaanza kutetema.

Kinyume akakohoa.

Bosi akageuka, akaangalia, akaendelea na wageni. Mngurumo ukapanda tena, Kinyume akakohoa kwa nguvu zaidi, akapiga kifua. Akasimama sawasawa kando ya shemeji, bega kwa bega, akausikiliza ule mkoromo ukianza kila mara kutoka chini, akauwahi kabla haujafika juu.

"Mzee wa watu anaumwa," alisema yule mke wa yule bwana, akijiziba pua kwa leso. "Na bado wanamruhusu aingie mahali kama hapa."

Kinyume alimtupia jicho lile lililokuwa ukutani. Kisha akakohoa, na hakuacha kukohoa mpaka ukumbi ulipofungwa.